Chembe za nano zinazokinga tishu dhidi ya mionzi: zinazuia nini hasa?

Mtu akisikia kwamba kuna chembe ndogo sana zinazomkinga mgonjwa wa saratani na madhara ya tibamionzi, picha inayomjia kwanza ni ya ngao. Mionzi inakuja, chembe zinaipokea, tishu zinasalimika. Picha hiyo haina ukweli. Eksirei zinazotumika kutibu saratani hupenya mwili upande hadi upande, na hakuna kitu kinachoweza kutiwa kwenye damu kwa kiasi salama kikazizuia. Chembe hizi hazishindani na mionzi yenyewe. Zinashughulika na mabaki yake, yaani kemia inayobaki mwilini baada ya mionzi kupita. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya mengine yote ni la wakati: zinaingia kazini muda gani baada ya mionzi kupita? Jibu lake linatenganisha madai yenye mashiko na yale ya kufurahisha masikio tu.

Tuanze na mionzi yenyewe. Sehemu kubwa ya seli ni maji, kwa hiyo mionzi inapopita hukutana na maji kuliko kitu kingine chochote. Hung'oa elektroni kwenye molekuli za maji, na molekuli zilizojeruhiwa hivyo huzaa vipande vikali viitwavyo radikali huru. Radikali ni kipande chenye elektroni isiyo na mwenzake, na hakitulii mpaka kipate ya pili, hata kwa kuipora. Kikali kuliko vyote ni radikali ya haidroksili. Kwa eksirei za kawaida, takribani theluthi mbili za madhara kwenye DNA hupitia njia hii ya maji. Theluthi inayobaki ni mionzi kuigonga DNA moja kwa moja, na hiyo hakuna antioksidanti, yaani kemikali inayozima radikali, inayoweza kuizuia.

Dozi hupimwa kwa grei. Grei 1 humwachia kila seli mikato ipatayo 1,000 ya uzi mmoja wa DNA na takribani 40 ya nyuzi zote mbili kwa pamoja. Mikato ya uzi mmoja seli huirekebisha bila taabu kubwa. Inayoua ni ile ya nyuzi mbili. Mgonjwa wa tibamionzi kwa kawaida hupewa kama grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, mpaka jumla ifike kati ya 50 na 70 kwa uvimbe wa aina nyingi. Na kwa kuwa uvimbe umezungukwa na tishu nzima, yaani zisizo na saratani, miale haiwezi kuufikia bila kupita kwa majirani.

Majirani hao hawaumii sawa. Tangu mwaka 1906, Wafaransa Bergonié na Tribondeau walikwisha kuona kwamba seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo zinazodhurika zaidi. Ndiyo maana ngozi, utando wa mdomo, utumbo na uboho huonyesha madhara mapema, ndani ya siku au wiki. Kuna pia madhara ya kuchelewa: mapafu yanayokakamaa kwa makovu ya ndani, tezi za mate zinazokauka na kumwacha mtu na kinywa kikavu kwa miaka. Haya ya kuchelewa ndiyo yanayomsumbua aliyepona saratani, na nadhani hayazungumzwi kwa uzito unaostahili, kwa sababu yanapojitokeza mgonjwa ameshatoka kwenye orodha ya wanaotibiwa.

Nanosekunde chache

Radikali ya haidroksili ndani ya seli huishi nanosekunde chache tu. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika muda huo husafiri nanomita chache, na upana wa DNA ni kama nanomita 2. Maana yake ni kwamba radikali inayoikata DNA imezaliwa pale pale ubavuni mwake. Haikutoka mbali, na hakukuwa na nafasi ya kuivizia njiani.

Sasa fikiria antioksidanti inayotaka kuiwahi. Lazima iwepo ubavuni mwa DNA kabla ya mionzi kufika, na iwe nyingi kiasi cha kuyashinda maelfu ya protini, sukari na molekuli nyingine ambazo nazo zinagongwa na radikali hiyo hiyo. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa dawa nyingi. Hapa ndipo makala nyingi huteleza. Zinaeleza kwamba chembe fulani "inameza radikali" ndani ya chupa ya maabara, kisha zinaruka hadi hitimisho kwamba itafanya vivyo hivyo ndani ya kiini cha seli. Chupani hakuna msongamano wa protini, na chembe inaweza kumiminwa kwa wingi wowote. Isitoshe, chembe nyingi za nano zikiingia ndani ya seli hukwama kwenye vifuko vya kusagia taka viitwavyo lisosomu. Hazifiki kwenye kiini, ambako DNA nyingi iko.

Je, basi kinga haiwezekani kabisa? Inawezekana, na historia yake ni ndefu. Mwaka 1949 Harvey Patt na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa sisteini, asidi amino yenye salfa, kabla ya kupigwa eksirei, walisalimika kuliko wasiopewa. Iliyofuata ni enzi ya Vita Baridi, na jeshi la Marekani, kupitia taasisi yake ya utafiti ya Walter Reed, likatengeneza na kupima maelfu ya kemikali za jamii hiyo likitafuta dawa ya kumpa askari kabla ya shambulio la nyuklia. Iliyoibuka mshindi ilipewa namba WR-2721. Leo inaitwa amifostini, na mwaka 1999 iliidhinishwa Marekani kupunguza ukavu wa kinywa kwa wagonjwa wanaopigwa mionzi kichwani na shingoni.

Amifostini inafundisha jambo ambalo watengenezaji wa chembe za nano wangefaa kulisoma kwa makini. Nguvu yake haikutegemea kuziwahi radikali peke yake. Umbo lake tendaji lina chaji chanya, hivyo huvutwa karibu na DNA, ambayo ina chaji hasi. Na DNA ikishajeruhiwa, kuna dirisha la milisekunde ambalo jeraha linaweza kufungwa kwa kupewa atomu ya haidrojeni. Ikitangulia oksijeni, jeraha hukomaa na kuwa la kudumu. Ikitangulia amifostini, jeraha linafutika. Ushindani huu na oksijeni ndio unaoeleza kwa nini seli zenye oksijeni ya kutosha huuawa na mionzi mara 2.5 hadi 3 kwa urahisi zaidi kuliko zilizokosa oksijeni.

Dawa hiyo ina uteuzi pia. Huingia mwilini ikiwa imelala, na huamshwa na kimeng'enya kilichomo kwa wingi kwenye tishu nzima kuliko kwenye uvimbe. Bahati mbaya hushusha shinikizo la damu na kuleta kichefuchefu na kutapika, ndiyo maana madaktari wengi hawaipendi. Hata hivyo ndiyo kipimo ambacho kila chembe mpya ya kinga hulinganishwa nacho.

Wimbi la pili

Kama hadithi ingeishia kwenye milisekunde, chembe za nano zisingekuwa na la kufanya. Lakini tishu iliyopigwa mionzi haitulii. Saa na siku baadaye, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zilizojeruhiwa huanza kuvujisha elektroni, na elektroni hizo huzalisha superoksidi, radikali ya oksijeni. Vimeng'enya fulani kwenye utando wa seli huwashwa na kuongeza superoksidi nyingine. Seli za kinga hujaa mahali palipoumia na kumwaga kemikali zao. Superoksidi hugeuka haidrojeni peroksidi. Ishara za uvimbe-joto, yaani mwitiko wa tishu iliyoumia, huita seli zinazotengeneza makovu, hasa kupitia protini iitwayo TGF-beta, na mzunguko huu unaweza kujiendesha kwa miezi bila mionzi mingine yoyote kuongezwa. Makovu ya mapafu na ukakamavu wa ngozi hutokana na mwendelezo huu kuliko ile nanosekunde ya kwanza.

Superoksidi na haidrojeni peroksidi si kali kama haidroksili. Zinaishi muda mrefu zaidi, peroksidi inaweza hata kuvuka utando wa seli, na zinaendelea kuzalishwa kwa siku nyingi. Adui wa namna hii anaweza kufikiwa hata na chembe iliyokaa mbali na kiini. Kwa maoni yangu faida nyingi zilizoripotiwa za chembe za nano zinatoka hapa, hata pale ambapo watafiti wenyewe wameandika kwamba chembe zao "zilizima radikali za mionzi".

Kuna faida ya pili juu ya vitamini. Molekuli ya vitamini E ikishatoa elektroni yake imetumika, mpaka ihuishwe na nyingine, kwa mfano vitamini C, ambayo nayo hutumika. Chembe zinazozungumzwa zaidi katika uwanja huu hufanya kazi kama kichocheo: hubadilika, hurudi hali ya mwanzo, hubadilika tena. Maarufu kuliko zote ni za oksidi ya seriamu. Seriamu ni metali iliyogunduliwa mwaka 1803, na licha ya kuhesabiwa miongoni mwa madini adimu, iko kwenye ganda la dunia kwa kiasi kinachokaribia shaba. Atomu yake inaweza kukaa na chaji tatu au nne, na kuhama kati ya hali hizo mbili ni rahisi. Oksidi yake inapopoteza atomu ya oksijeni, pengo hubaki kwenye fuwele na atomu za jirani hushuka hadi chaji tatu. Tabia hiyo hiyo ya kutoa na kupokea oksijeni ndiyo iliyoipeleka kwenye visafishaji vya moshi wa magari.

Fuwele ikipunguzwa hadi nanomita 3 au 5, sehemu kubwa ya atomu zake inakuwa juu ya uso, na mapengo yanazidi. Hapo huanza kuiga vimeng'enya viwili vya mwili kwa pamoja: dismutesi ya superoksidi, ambayo wanasayansi McCord na Fridovich waliitambulisha mwaka 1969 na ambayo hugeuza superoksidi kuwa haidrojeni peroksidi, na katalesi, inayovunja haidrojeni peroksidi kuwa maji na oksijeni. Uwiano wa chaji tatu na nne huamua kazi ipi inatawala. Chembe yenye chaji tatu nyingi hushughulikia superoksidi vizuri zaidi, na yenye chaji nne nyingi huelekea kwenye peroksidi. Hivyo makundi mawili ya maabara yanaweza kutumia "oksidi ya seriamu" na kupata matokeo yanayopingana bila yeyote kukosea, kwa sababu hawakutumia kitu kimoja.

Matokeo yaliyowasha moto yalitoka Florida mwaka 2005, kwenye kundi lililomhusisha Sudipta Seal wa Chuo Kikuu cha Central Florida. Seli nzima za titi zilizowekewa chembe hizi zilistahimili mionzi karibu zote, huku seli za saratani ya titi zikiendelea kufa. Mwaka 2009 yakafuata mapafu ya panya, na chembe zililinganishwa na amifostini na kufanya vizuri. Mwaka 2010 ukafuata utumbo wa panya, na hapa kuna jambo ninaloliona kuwa zito kuliko mengine: seli zilizopewa chembe kabla ya mionzi zilikuwa zimeongeza zenyewe utengenezaji wa dismutesi ya superoksidi. Kwa maneno mengine, chembe ziliiandaa seli mapema, na kinga ikatoka kwa seli yenyewe. Hilo linaendana na hesabu ya nanosekunde vizuri zaidi kuliko hadithi ya kumeza radikali.

Na uvimbe je?

Hili ndilo swali ambalo daktari wa tibamionzi atauliza kabla hujamaliza sentensi ya kwanza. Kinga inayoikinga saratani pia haina maana, kwa kuwa ni sawa na kupunguza dozi. Wala hofu hii si ya kinadharia. Nchini Kanada, katika jimbo la Quebec, wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo walishiriki jaribio la vitamini E na beta-karotini wakati wa tibamionzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha madhara makali ya muda mfupi yakipungua kwa waliopewa vidonge, lakini saratani ilielekea kurudi kwa wengi zaidi miongoni mwao. Anayemshauri ndugu yake ameze vidonge vya antioksidanti kwa wingi wakati wa mionzi, kwa nia njema kabisa, angesoma jaribio hilo kwanza na kumwachia daktari wake uamuzi.

Watetezi wa seriamu wana jibu, na ni zuri. Katika mazingira ya tindikali kazi ya kuvunja peroksidi hudhoofika huku ile ya kubadili superoksidi ikiendelea. Matokeo yake peroksidi hujikusanya na kuwa sumu. Kwa kuwa uvimbe una tindikali kuliko tishu nzima, chembe ile ile ingeikinga tishu na kuidhuru saratani. Majaribio ya mwaka 2013 kwenye seli za saratani ya kongosho yaliunga mkono wazo hilo.

Ni wazo la kuvutia, ila lina nyufa mbili ambazo hazisemwi vya kutosha. Tindikali ya uvimbe iko hasa nje ya seli, kwenye majimaji yanayozizunguka. Ndani, seli ya saratani hujitahidi kubaki karibu na hali ya kawaida, na mara nyingi huwa na tindikali kidogo kuliko seli nzima. Pili, zile lisosomu ambako chembe hukwama zina tindikali kali katika kila seli, iwe ya saratani au nzima. Kama tindikali peke yake ndiyo ingekuwa swichi, chembe zilizokwama humo zingekuwa sumu kwa wote. Kwa hiyo kuna jambo jingine linaloamua, pengine tofauti ya mfumo wa kujihami wa seli zenyewe, na mpaka lieleweke uteuzi huu hauwezi kuchukuliwa kama jambo lililothibitishwa kwa kila aina ya saratani.

Tatizo jingine ni safari. Chembe ikidungwa kwenye damu huvikwa protini ndani ya dakika, na seli za ini na wengu huitambua na kuizoa. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2016 na kundi la Warren Chan wa Toronto, uliokusanya tafiti za miaka kumi, ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndiyo hufika kwenye uvimbe. Kwa anayetaka kuukwepa uvimbe hiyo ni habari njema kiasi, lakini tezi ya mate au utumbo navyo havipati mgao mnono. Figo huweza kutoa chembe zisizozidi kama nanomita 5.5, ukubwa unaohesabiwa pamoja na vazi lake. Zilizozidi hapo hubaki. Na oksidi ya seriamu haiyeyuki kirahisi, kwani kwenye panya imeonekana ikiwa bado iko kwenye ini na wengu miezi kadhaa baadaye.

Ndiyo sababu wengine wanajaribu malighafi nyingine. Kuna chembe za seleni, ambayo mwili unaihitaji kwa kiasi kidogo. Kuna chembe zilizovikwa melanini, rangi ile ile ya ngozi na nywele, ambazo zilikinga uboho wa panya. Dioksidi ya manganizi ina mvuto wa pekee: hugeuza peroksidi kuwa oksijeni na huyeyuka kwenye tindikali. Ndani ya uvimbe uliokosa oksijeni hilo lingeongeza makali ya mionzi, kinyume kabisa cha kinga, na mahali hapo ndicho kinachotakiwa.

Msomaji asichanganye haya na chembe za nano za kundi la pili, zinazotengenezwa makusudi ili kuzidisha mionzi. Hizo ni za metali nzito. Hupigwa na eksirei na kurusha elektroni kwa jirani. Chembe za oksidi ya hafniamu ziliruhusiwa Ulaya mwaka 2019 zidungwe ndani ya uvimbe wa sarkoma ya tishu laini. Kinachochekesha ni kwamba seriamu nayo, yenye namba ya atomu 58, si nyepesi. Kwa miale yenye nguvu kubwa ya mashine za kisasa tabia hiyo haionekani sana, lakini kwa eksirei za nguvu ndogo uzito wake umeonekana kuifuta sehemu ya kinga yake.

Ukisoma habari mpya ya chembe kama hizi, angalia ilitolewa lini. Kuna kinga, inayotolewa kabla. Kuna kipunguza madhara, kinachotolewa baada ya mionzi lakini kabla ya dalili. Na kuna tiba ya dalili zenyewe. Kwenye ajali ya nyuklia hakuna aliyedungwa asubuhi ile kwa kujiandaa, kwa hiyo dawa inayofaa kabla tu haimsaidii mwathirika. Angalia pia dozi. Majaribio mengi hupiga mwili mzima wa panya mara moja kwa dozi kubwa na kuhesabu waliobaki hai baada ya siku 30. Mgonjwa wa saratani hupigwa sehemu moja ya mwili, mara 30 au zaidi, kwa wiki sita au saba. Chembe iliyoshinda jaribio la kwanza bado haijajibu kama inaweza kurudiwa kila siku bila kulundikana kwenye ini.

Hakuna chembe ya nano ya antioksidanti iliyoidhinishwa kwa kazi hii. Ndugu yake wa karibu, avasopasemu, si chembe ya nano bali molekuli ndogo yenye manganizi inayoiga dismutesi ya superoksidi. Ilifika hadi hatua ya tatu ya majaribio ya kupunguza vidonda vya mdomoni vitokanavyo na mionzi, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakataa kuiidhinisha kwa msingi wa ushahidi uliokuwepo, ikataka jaribio jingine. Kama molekuli ndogo, inayotoka mwilini kwa urahisi, ilibanwa namna hiyo, chembe inayokaa miezi kwenye ini itabanwa zaidi.

Njia ninayoiona kuwa fupi ni ya juu juu: krimu ya ngozi, jeli ya kupaka mdomoni, maandalizi ya kumeza yanayoshika ukuta wa utumbo na kutoka bila kuingia kwenye damu. Hapo ini linakwepwa, uvimbe wa ndani haufikiwi, na kinacholengwa ni wimbi la pili, ambalo lina siku nyingi za kufikiwa. Hata hivyo jaribio la haki litalazimika kupima vitu viwili kwa mgonjwa yule yule. Cha kwanza ni vidonda vyake, wiki ya sita. Cha pili ni kama saratani yake imerudi, na hicho huchukua miaka kukijua.